Ombi la Kitu Kingine Badala ya Chumvi, Kisichopendwa na Mbuzi

Kutoka: Mama Shami, nyumba yenye lango la bluu, katikati ya mteremko, Kimisagara.
Kwenda: Mwenyekiti, Kamati ya Urubura ya mudugudu wetu, yaani mtaa wetu.
Nakala: Bwana Eustache, Mkuu wa Mudugudu, kwa taarifa tu. Asihangaike kujibu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni Baba mkwe wangu ninayemheshimu,

Shikamoo Baba. Sina haja ya kuuliza kama u mzima, maana nyumba zetu zimetenganishwa na ukuta mmoja tu na nimekusikia ukipiga chafya sasa hivi. Afya. Sisi upande huu hatujambo. Shami ameota jino la juu. Hajalala.

Utajiuliza kwa nini mkamwana wako anakuandikia barua wakati angeweza kuzunguka ukuta. Tena utajiuliza kwa nini anaandika Kiswahili wakati sote nyumbani tunaongea Kinyarwanda. Sababu ni moja, na anayeijua vizuri ni Mama.

Wiki ya kwanza baada ya harusi, Mama Athanasie, mkeo, aliniketisha jikoni akanifundisha gutsinda. Kwamba mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana na jina hilo, hata kama neno lenyewe ni la kitu cha kawaida kabisa. Nikamwambia Mama, wanawake wengi wa Kigali hii wameshaacha. Akasema wameacha kwa mama wakwe zao. Basi sisi hatujaacha, maana Mama yuko hai na anasikia vizuri.

Sasa jina lako, Baba, ni jina zuri sana, silaumu aliyekupa. Ila mwanzo wake unatamkwa sawasawa na neno la Kinyarwanda la kitu kile kinachotiwa kwenye maharage. Tangu niolewe sijakitaja. Dukani naonyesha kwa kidole. Muuza duka mgeni akiniuliza nataka nini namwambia nataka kile ambacho chakula kikikikosa watu hutazamana. Lakini mimi nilisomea Ngara, upande wa Tanzania, mpaka darasa la saba, na Ngara kitu hicho kinaitwa chumvi. Nilimwuliza Mama kama kuna mtu yeyote katika ukoo aliyewahi kuitwa Chumvi. Akafikiri mpaka maji ya ugali yakachemka, akasema hakuna, Kiswahili hakina hatia. Na wewe uliyeendesha malori kutoka bandari ya Dar mpaka hapa unakisoma Kiswahili kunishinda.

Basi nasema: chumvi. Chumvi, chumvi, chumvi. Nisamehe Baba, nilikuwa nimeibana muda mrefu.

Kabla ya malalamiko naomba nieleze tulikotoka, Bwana Eustache asije akapotea njiani.

Mwaka jana ulikwenda kumtembelea wifi Joselyne katika nchi ile ya baridi, ukakaa majira yote ya theluji. Ulirudi na koti la njano linalong'aa, glavu nene kama za mwokaji mikate, na habari za lori linalopita barabarani alfajiri likimwaga chumvi ili barafu iyeyuke na watu wasiteleze. Tulikusikiliza vizuri. Ilikuwa hadithi ya mbali, haikuwa na ubaya wowote.

Kisha ikaja mvua ya mawe masika haya. Hapo ndipo lugha ilipotuponza. Kwa Kiswahili, theluji ni theluji, barafu ni barafu, na mvua ya mawe ni mvua ya mawe. Theluji ya kwa wifi Joselyne hukaa miezi. Mvua ya mawe ya Kimisagara hukaa mpaka birika lichemke, halafu jua linatoka na watu wanaanika nguo. Lakini kwa Kinyarwanda vyote vitatu vinaitwa urubura. Kwa hiyo uliposimama siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ukiwa na koti la njano, ukasema urubura umefika kwetu na wenzetu walioendelea wanautilia kile kitu, hakuna aliyeweza kubisha. Kweli urubura ulikuwa umefika. Kweli wenzetu wanautilia. Kila neno lilikuwa la kweli, na matokeo yake ndiyo haya. Kila nyumba ikaleta pakiti. Kamati ikaundwa, kila nyumba mjumbe mmoja. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono wa ndiyo, mtoto akiwa mgongoni, kwa sababu waliosema hapana waliambiwa wabaki waelezwe zaidi.

Tangu hapo mteremko wetu wa mawe unamwagiwa chumvi kila asubuhi, mvua ije isije, kama tahadhari. Na tangu hapo Shami halali mchana.

Hilo ndilo jambo lenyewe, Baba: usingizi wa mchana wa mjukuu wako. Mengine yote hapa chini ni watoto wa jambo hilo. Usiku wake ni wa kunyonya, alfajiri yake ni ya kucheza, asubuhi yangu ni ya kufua. Palikuwa na saa moja tu katika siku ambayo Mungu alikuwa ameniwekea mimi, baada ya chakula cha mchana. Nayo imekwenda. Sasa namba.

1. MBUZI. Unamfahamu Ndihokubwayo, Mrundi anayepeleka mbuzi sokoni. Barabara kubwa haruhusiwi kupita nao, kwa hiyo anapita huku kwetu kwa ndani. Zamani walipita kama wageni wenye haraka. Tangu chumvi ianze, mbuzi wakifika mbele ya lango langu wanasimama. Wanapiga magoti ya mbele, Baba, nakuapia, kama waumini, na wanaramba mawe. Ndihokubwayo anavuta kamba, anasihi, anatukana kwa Kirundi, anaomba radhi kwa Kiswahili. Mbuzi wanalia. Na wanafika saa gani? Saa ile ile Shami anapofumba jicho la kwanza. Anafumbua. Anasema mee. Ni neno lake la pili baada ya mama, na nina wasiwasi linaelekea kuwa la kwanza.

Nilimwendea Ndihokubwayo kwa upole. Aliniambia: "Dada, mbuzi yangu haina shida. Ni barabara yako iko tamu." Kisha akaongeza kwamba sokoni wanunuzi wamemsifia, mbuzi wake siku hizi wana manyoya yanayong'aa. Wenzake wakasikia. Sasa wanapita hapa wachuuzi wa mbuzi ambao hata njia yao si hii. Kwa maneno mengine huduma ya Kamati inatumiwa na mbuzi peke yao. Sina ubaya nao. Ila hawaji umuganda.

2. KILE CHEUPE. Kabla ya barua hii nilijaribu kukuambia kwa mdomo, tena kwa adabu. Nilikuambia pale ukutani, kwa Kinyarwanda, kwamba Baba tafadhali kile cheupe cha barabarani kinatutesa, tunaomba kipungue. Sikuweza kukitaja kwa jina, unajua kwa nini. Nawe ukanitazama kwa huruma, ukasema pole sana mwanangu. Kesho yake ukamwaga mara mbili. Ulidhani nasema urubura.

Nikamtuma Mama. Mama naye ni mke, na wake wa zamani nao hawawataji waume zao kwa jina, kwa hiyo naye alisema kile cheupe. Ukamwaga mara tatu, ukamwambia Mama kwamba Kamati haitalala mpaka wanawake wa mteremko huu wawe salama. Mama alirudi akaniambia tusimtume mtu mwingine tena.

3. BUSTANI YA JIKONI. Serikali ilituhimiza kila nyumba iwe na bustani ya mboga, na mimi nilitii. Nilikuwa na mchicha ambao hapa tunauita dodo, majani mapana kama sikio la ndama. Maji ya mvua yanateremka barabarani, yanapita juu ya chumvi, yanaingia bustanini. Dodo sasa imekauka ikiwa imesimama, kama askari aliyesahauliwa kwenye lindo. Nilichuma majani machache yaliyobaki nikapika bila kutia chumvi. Bruce mume wangu akala, akasema leo umekoleza.

4. MAHARAGE. Mama analalamika kwamba naharibu maharage. Mimi natia kidogo, kama alivyonifundisha. Lakini kila anayeingia kwangu anaingia na chumvi kwenye viatu, inapanda na vumbi, inatua kila mahali. Na mjukuu wako, ambaye siku hizi kila kitu ni cha kinywani, amekuwa akitambaa langoni na kulamba vidole vyake kwa umakini mkubwa. Uji wa kawaida ameukataa. Anautazama, kisha ananitazama mimi, kama mtu aliyepelekewa chakula cha meza nyingine.

5. PIKIPIKI. Gakwaya, dereva wa pikipiki anayetubeba siku zote, amegoma kupanda mteremko. Anasema chumvi inamlia chuma, mnyororo wake umeota kutu kama msumari wa jeneza. Ananishusha chini na mtoto na kapu. Nilimwambia Gakwaya, panda basi polepole, akaniambia: "Mama Shami, hii njia yenu iko na chumvi kuliko supu. Mimi niko na pikipiki, siko na kijiko." Wenzake walicheka sana pale kituoni. Nami nilicheka, halafu nikapanda mlima kwa miguu, na kucheka kukaisha karibu na kona.

6. Namba sita Shami alilia nikaisahau. Nikiikumbuka nitaileta.

7. JINA LA MAHALI. Hili Baba ndilo zito, na naomba ulisome ukiwa umeketi. Madereva wa pikipiki wamekwisha kupabatiza hapa kwetu. Zamani tulikuwa tunasema lango la bluu. Sasa wanasema kule kwenye, halafu wanataja kile kitu kwa Kinyarwanda. Kila mtu anasema hivyo. Hata muuza mkaa. Maana yake ni kwamba mahali ninapoishi panaitwa kwa neno nisiloruhusiwa kulitamka. Mimi nikiwa mjini siwezi kurudi nyumbani.

Juzi nilikuwa nimetoka kliniki na mtoto, nikasimamisha pikipiki ya mtu nisiyemjua. Akaniuliza unakwenda wapi. Nikamwambia Kimisagara. Kimisagara wapi. Nikamwambia kwenye mteremko wa mawe. Iko mingi. Nikamwambia pale mbuzi wanaposimama. Akaniambia aah, kule kwenye, akalitaja. Akauliza ndipo ama sipo? Baba, nilijibu kwa kichwa, maana hata kusema ndiyo niliona ni kama kulitaja. Akasema sema mama, mimi nikiwa mbele sioni kichwa. Mwishowe aliniuliza kama nina ugonjwa wa koo. Nikaona aibu yako, aibu ya Mama na aibu yangu, zote juu ya kiti kimoja cha nyuma.

8. BRUCE. Mwanao Bruce nilimwomba aseme nawe kama mwanamume kwa mwanamume. Yeye anaweza kukitaja, hakukatazwa. Alisema mambo ya Kamati yeye hayumo, kazi yake iko Kabuga, anatoka asubuhi na kurudi jioni, na wakati wa mbuzi hayupo. Hilo si la Kamati, nimeliandika tu kwa kuwa limo moyoni.

Sasa, Baba, mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta pendekezo. Nilimpigia simu wifi Joselyne nikamwuliza kule kwao, je, hakuna anayelia? Akaniambia hata kule wamechoka. Chumvi imekula madaraja, imeua miti ya kando ya barabara, imeingia mitoni samaki wakashangaa, mbwa wanachechemea kwa nyayo kuchubuka. Kwa hiyo wenyewe waliotufundisha sasa wanatafuta kitu kingine kisichodhuru mazingira, ndivyo anavyosema. Alinitajia baadhi. Nimeyapima kwa makini, nikizingatia mteremko wetu.

Kuna mahali wanamwaga maji ya bitiruti. Yanasaidia barafu isishike, na hayali chuma. Nilifurahi mpaka nilipofikiria rangi. Mteremko mwekundu mbele ya lango langu, mbuzi wamepiga magoti, na mimi nimesimama katikati na kisu cha vitunguu. Bwana Eustache angeitwa. Isitoshe, kliniki wameniambia ninywe bitiruti kwa ajili ya damu, na sijui kama ningeweza kuyatazama yakipita bila kuchukua kikombe.

Kuna mahali wanamwaga maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Hapa mtaani kwetu jibini haitengenezwi, na paka wa mtaa huu hawahitaji kutiwa moyo.

Mchanga ni mzuri, hauyeyushi kitu ila unashika viatu. Lakini mvua ya kwanza itausomba uingie mifereji, mifereji ijae, umuganda ujao tuizibue, na mchanga tuutoe tuurudishe barabarani. Tutakuwa na kazi mpaka Shami aoe.

Pumba za mpunga zitaleta kuku. Machicha ya pombe ya mtama yataleta wanaume, na hao hawasukumwi kwa kamba. Maganda ya kahawa nilidhani yatafaa, mpaka Mama akaniuliza kama nataka mbuzi nao wasilale.

Majivu. Haya ndiyo ninayoyapendekeza rasmi. Kila nyumba hapa inayo, hayagharimu, mbuzi hawayapendi, dodo inayapenda, na kwa Kinyarwanda neno lake ninaweza kulitamka mbele ya mtu yeyote. Naahidi kutoa ya jiko langu kila asubuhi.

Na kama Kamati haitaki majivu, ninalo la mwisho. Nimelichunguza kwa siku zote ambazo mjukuu wako hakunilaza. Ni kitu kinachoyeyusha urubura wote, wa mteremko na wa paa, hakiachi alama, hakiozi, hakirambwi. Kinafika chenyewe. Siku ile ya mvua ya mawe kilimaliza kazi kabla Kamati haijapata jina. Namaanisha jua. Naomba Kamati ilijadili jua katika kikao kijacho, na likikubaliwa lipewe ujumbe wa Kamati, maana ndilo pekee miongoni mwetu lenye uzoefu. Nafasi yangu mimi niko tayari kuliachia.

Nimefika mwisho wa mapendekezo. Naomba sasa nivue ndala za mlalamikaji niseme kama mtoto wako.

Baba, namba sita nimeikumbuka. Ni hii.

Kabla ya urubura ulikuwa unakuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Ulikuwa unakohoa langoni, Shami ananyoosha mikono, unamweka bega la kushoto, unapanda naye mteremko hadi kwenye kioski na kurudi, polepole, gia ya kwanza, kama una tani thelathini nyuma. Alikuwa akilala kabla hujageuza. Ulikuwa unamleta unamlaza kitandani na viatu vyake, na mimi ulikuwa unanikuta nimeshalala kwenye mkeka, mdomo wazi. Sikuona haya. Nilikuwa nasema moyoni, baba yangu mzazi alifariki Ngara lakini nina baba.

Siku ile mvua ya mawe iliwakuta kioskini. Mkajibanza. Ilipokatika ukateremka naye juu ya mawe meupe. Nilikuwa dirishani. Mbele ya lango langu miguu ilikutangulia ukakaa chini kwa kishindo, na mikono yako yote miwili ukaipandisha juu, na Shami juu yake, kama mtu anayevuka mto na redio. Hakuguswa hata na unyevu. Alicheka, akataka tena. Wewe uliinuka, ukanikabidhi mtoto, ukaingia ndani. Kesho yake hukukohoa langoni. Umuganda uliofuata ukaja na koti la njano.

Tangu siku ile hujambeba. Unampapasa kichwa kwa juu ya ukuta. Nimekusikia ukimwambia Mama kwamba utambeba barabara ikiwa salama. Umebeba mizigo ya watu miaka yote, kutoka Dar, kupita Isaka, kupita Rusumo, na unasema mwenyewe hukuwahi kuangusha hata kreti ya soda. Basi naona unafikiri sasa umeangusha.

Hukumwangusha, Baba. Ulikaa chini naye. Ni vitu viwili.

Nasema hivi kwa heshima zote na kwa mkazo: sihitaji barabara salama. Nahitaji ukohoe langoni. Chumvi iliyotumika mpaka sasa ingetosha kukausha samaki wote wa Tanganyika, na bado hakuna hatua moja uliyopiga na mtoto. Kwa hiyo naomba, kama mkazi, chumvi iondolewe, ifagiwe yote mpaka jiwe la mwisho. Na naomba, kama mkamwana, uje kesho kama zamani. Mvua ya mawe ikirudi mtakaa kioskini mpaka iyeyuke. Muuza kioski anampenda Shami, anampa kizibo cha soda achezee, na mimi najifanya sijui.

Nitaiweka barua hii juu ya ukuta, chini ya jiwe, upande wako. Usimwonyeshe Mama sehemu niliyosema chumvi mara tatu mfululizo. Aliniruhusu neno, sina hakika kama aliruhusu furaha.

Nisalimie Mama, mwambie sufuria yake nitairudisha ikiwa imesuguliwa. Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, kila mmoja kwa jina lake, wale ninaoruhusiwa. Wifi Joselyne anakusalimu, anasema vaa soksi. Bwana Eustache naye asalimiwe, yeye na nyumba yake. Gakwaya na Ndihokubwayo hawakunituma lakini najua wangekusalimu. Shami anasema mee.

Wako katika utii na katika usingizi,

Connie Umulisa
Mama Shami

Nyongeza: Baba, nilikuwa nimeshapata jiwe la kuwekea barua. Nimelirudisha, nimefungua tena bahasha, naandika nimesimama dirishani.

Mbuzi wamefika. Shami alikuwa ameshika nondo za lango akiwaita. Mmoja, yule mweusi mwenye pembe moja, ameacha mawe akaja kumramba vidole, nadhani kwa sababu ninazozijua. Shami akapiga kelele, sijui za hofu au za raha. Nikaacha kalamu nitoke. Lakini wewe ulikuwa umekwisha kutoka, na koti lako la njano, ukamnyakua juu kabla mbuzi hajaufikia mkono wa pili. Ukamtukana mbuzi kwa Kiswahili cha bandarini ambacho sitakiandika hapa.

Kisha ukasahau kumshusha.

Nimekuona ukisimama. Umetazama mteremko. Ukajaribu jiwe kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayejaribu breki, ukalikanyaga, likalia kwaru. Ukakanyaga la pili. Kwaru. Kwa chumvi hiyo hata ng'ombe asingeteleza. Mmeshapita nyumba ya muuza mkaa, gia ya kwanza, bega la kushoto, mbuzi wote nyuma yenu na Ndihokubwayo mwisho kabisa ameshika kamba isiyovuta kitu. Wanalia. Shami amelaza kichwa. Kinywa chake kiko wazi.

Kwa hiyo naiomba Kamati iyapuuze malalamiko namba moja mpaka nane, pamoja na bitiruti, majivu na jua. Chumvi isipungue. Iongezwe, hasa kuanzia kioskini kuteremka, na isikose hata siku moja, masika wala kiangazi. Pakiti ya jikoni kwangu nimeiweka langoni, ichukueni, maharage yatajitegemea.

Ukirudi mlango uko wazi. Mlaze na viatu vyake.